Makosa ya Data Yasiyojitangaza katika Ukokotozi wa Modeli za Bayes: Namna ya Kuyatambua na Kuyarekebisha

Ikisiri

Makala haya yanaeleza vyanzo vya makosa ya data yanayojitokeza watafiti wanapotumia programu za BUGS, JAGS na Stan kukokotoa modeli za takwimu za Bayes, pamoja na namna ya kuyatambua na kuyarekebisha. Makosa hayo yamegawanywa katika makundi mawili: yale yanayoisimamisha programu, na yale yanayopita kimya na kutoa matokeo yenye sura ya kawaida. Hoja kuu ni kwamba kundi la pili ndilo lenye madhara makubwa zaidi kwa maamuzi ya umma, kwa sababu vipimo vinavyotumika kukagua ukokotozi havikuundwa kuligundua. Mifano imetolewa katika tafiti za afya ya kaya na katika mabadiliko ya mipaka ya utawala ya nchi za ukanda huu. Makala yanahitimishwa kwa mpangilio wa ukaguzi na maswali ambayo mshauri wa sera anapaswa kuyauliza kabla ya kuyapokea makadirio.

1.0 Utangulizi

Insha ya Thomas Bayes iliyochapishwa mwaka 1763, miaka miwili baada ya kifo chake, ndiyo asili ya njia ya kitakwimu inayobeba jina lake. Kiini cha njia hiyo ni kwamba yale yanayofahamika kabla ya uchunguzi, yaani mgawanyo wa awali, huunganishwa na ushahidi wa data ili kupata mgawanyo wa baadaye, ambao huonyesha makadirio pamoja na kiasi cha shaka kilichobaki. Kwa muda mrefu kikwazo kikubwa kilikuwa hesabu yenyewe. Hali ilibadilika pale mradi wa BUGS, ulioanza Cambridge mwaka 1989, ulipowawezesha watafiti kuiandika modeli kwa lugha maalumu na kuiachia kompyuta kazi ya ukokotozi. JAGS, iliyotungwa na Martyn Plummer, ilifuata lugha hiyo kwa sehemu kubwa, na mwaka 2012 ilitolewa Stan, ambayo hutumia algoriti tofauti.

Leo njia hii haimo vyuoni tu. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya vifo vya watoto wenye umri chini ya miaka mitano, na yale ya viwango vya uzazi, hutokana na modeli za Bayes. Ramani za maambukizi ya malaria barani Afrika nazo hutengenezwa kwa modeli za aina hiyo. Katika nchi ambazo usajili wa vizazi na vifo haujakamilika, makadirio hayo ndiyo yanayoshika nafasi ya hesabu halisi, na juu yake hupangwa bajeti za dawa, vyandarua na lishe. Kwa hiyo kosa lililomo katika faili la data linaweza kusafiri hadi kwenye uamuzi wa kuiacha wilaya moja na kuihudumia nyingine.

2.0 Jinsi Programu Inavyozipokea Data

Programu hizi hupokea vitu vitatu: maelezo ya modeli, orodha ya data, na thamani za kuanzia ukokotozi. Zinachokijua kuhusu data ni majina ya vigeu, ukubwa wa majedwali na namba zilizomo. Hazijui kwamba namba fulani ni umri, nyingine ni namba ya wilaya, na nyingine ni alama ya mtu aliyekataa kujibu.

Programu hazilingani katika ukali wa mapokezi. Stan humtaka mtafiti atangaze mapema kila kigeu ni cha aina gani, kina ukubwa gani, na kina mipaka gani; data zisizotii tangazo hilo hukataliwa kabla ukokotozi haujaanza. BUGS na JAGS hukisia mengi ya hayo kutokana na data zenyewe. Kila njia ina faida zake, lakini tofauti hiyo huamua ni makosa yapi yatakayotangazwa na ni yapi yatakayopita.

3.0 Makosa Yanayoisimamisha Programu

Makosa mengi ya kundi hili ni ya majina na ukubwa. Kigeu kilichotajwa katika modeli hakimo katika orodha ya data, au jedwali lililotangazwa kuwa na mistari 480 limeletwa likiwa na mistari 478 kwa sababu mistari miwili iliondolewa wakati wa kusafisha faili. Yapo pia makosa yanayotokea kwa nadra na hivyo kumshangaza mtafiti. Kwa mfano, eneo lenye kipimo kimoja tu huweza kufika Stan kutoka R kama namba moja badala ya safu yenye urefu wa moja, na programu ikaikataa ingawa thamani yenyewe ni sahihi.

Aina ya pili inahusu thamani zinazokosekana. Katika JAGS, alama ya NA ikiwekwa kwenye kigeu cha matokeo hueleweka kuwa ni kitu kisichojulikana, na programu hukikadiria pamoja na parameta nyingine. NA hiyo hiyo ikiwekwa kwenye kigeu cha maelezo ambacho hakikupewa mgawanyo wowote, ukokotozi husimama. Stan haipokei NA kabisa. Mtafiti anayehama kutoka programu moja kwenda nyingine hukumbana na tofauti hii mara moja, na mara nyingi hulitatua tatizo kwa kuifuta mistari yote yenye pengo. Hatua hiyo huiridhisha programu, lakini hubadilisha sampuli: ikiwa kaya zenye mapengo ni zile za mbali au maskini zaidi, watu waliohitaji zaidi kuonekana ndio wanaotolewa katika hesabu.

Aina ya tatu ni thamani zisizowezekana chini ya modeli. Idadi ya waliokutwa na vimelea ikizidi idadi ya waliopimwa, JAGS hueleza kwamba thamani hiyo hailingani na zile inazozitegemea, nayo Stan huikataa au huripoti kwamba uwezekano wake ni sifuri. Chanzo cha kawaida ni safu wima mbili kubadilishana nafasi, au kuchukua logi ya sifuri. Dawa isiyofaa hapa ni kuongeza namba ndogo kwenye sifuri zote au kupanua mipaka hadi malalamiko yakome. Inayofaa ni kuurudia mstari uliotajwa, kuufuata hadi kwenye dodoso au rejesta ya asili, na kufahamu namba hiyo ilifikaje hapo.

Makosa ya kundi hili huchosha, lakini yana heri moja: hayampi mtafiti nafasi ya kuyapuuza. Ripoti haiwezi kuandikwa wakati programu imekataa kufanya kazi.

4.0 Makosa Yanayopita Kimya

4.1 Misimbo ya majibu yaliyokosekana

Tafiti za DHS, ambazo zimefanyika Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, zinatoa mfano ulio wazi. Katika mafaili yake, kiwango cha hemoglobini ya mtoto huandikwa bila nukta ya desimali, hivyo gramu 11.0 kwa desilita huonekana kama 110. Katika safu hiyo hiyo, 994 humaanisha kuwa mtoto hakuwapo, 995 kuwa kipimo kilikataliwa, na 996 kuwa kulikuwa na sababu nyingine.

Mtafiti akitumia wastani, kosa hujifichua. Tuseme watoto 190 wana wastani wa 110 na wengine 10 wana msimbo 995: wastani wa wote 200 utakuwa 154, kiwango ambacho mtaalamu wa afya atakitilia shaka. Hatari huja pale kipimo kinapogeuzwa kuwa jibu la ndiyo au hapana. Agizo likisema kwamba mtoto aliye chini ya 110 ana upungufu wa damu na mwingine yeyote hana, basi waliokataa kupimwa huhesabiwa kuwa wazima, kwa kuwa 995 si ndogo kuliko 110.

Chukua wilaya ya kubuni yenye watoto 40 katika sampuli, ambao 20 hawakupimwa, na kati ya 20 waliopimwa 10 wana upungufu wa damu. Kwa mgawanyo wa awali wa Beta wenye parameta 2 na 2, makadirio sahihi ni asilimia 50, na mkengeuko sanifu wa mgawanyo wa baadaye ni asilimia 10. Misimbo ikihesabiwa kama watoto wazima, makadirio hushuka hadi asilimia 27, na mkengeuko sanifu hupungua hadi asilimia 6.6. Kosa limeifanya wilaya ionekane bora, na papo hapo limeifanya modeli iwe na uhakika zaidi, kwa sababu inaamini kuwa imepima watoto 40. Mshauri anayesoma upana wa shaka kama kipimo cha ubora wa ushahidi atavutwa zaidi na jibu lisilo sahihi.

4.2 Majina na mipaka ya maeneo

Modeli nyingi za sera hukadiria athari ya kila eneo na kuruhusu maeneo yaazimane taarifa. Kwa kazi hiyo kila eneo hupewa namba ya mpangilio. Programu hukagua kama namba hizo zimo ndani ya ukubwa uliotangazwa. Haikagui kama namba 14 katika faili la kaya ndiyo namba 14 katika faili la ramani. Faili moja likipangwa kwa majina na jingine kwa misimbo, au misimbo ikipangwa kama maandishi hivi kwamba 10 inatangulia 2, mvua ya kaunti moja hupewa kaunti nyingine na ukokotozi huendelea bila tatizo. Tofauti ndogo za tahajia, kama vile Murang'a na Muranga, au Tharaka-Nithi yenye kistari na isiyo na kistari, hutosha kuvunja muunganiko wa mafaili.

Mabadiliko ya utawala huongeza ugumu. Uganda ilikuwa na wilaya 56 wakati wa sensa ya mwaka 2002 na 112 wakati wa sensa ya mwaka 2014. Rwanda ilipunguza wilaya zake hadi 30 katika marekebisho ya mwaka 2006. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iligawanywa kutoka majimbo 11 hadi 26 mwaka 2015. Jina la wilaya mama mara nyingi hubaki na sehemu moja tu ya eneo lake la zamani. Mfululizo wa miaka ukiunganishwa kwa jina pekee, modeli huona mshuko au mpando wa ghafla ambao haukutokea katika maisha ya watu bali katika mipaka.

4.3 Vipimo, nukta na kalenda

Katika mafaili ya mahali ya DHS, kituo ambacho vipimo vyake vya mahali havikupatikana huandikwa latitudo 0 na longitudo 0. Nukta hiyo imo katika Ghuba ya Guinea. Kituo kimoja cha Burundi kikiachwa hapo, modeli ya kijiografia itajaribu kueleza kufanana kwa kaya zilizo maelfu ya kilomita mbali. Aidha, nukta nyingine zote husogezwa kwa makusudi ili kulinda faragha ya wahojiwa: hadi kilomita 2 mijini, hadi 5 vijijini, na asilimia 1 ya vituo vya vijijini hadi 10. Hilo si kosa la kurekebishwa, bali ni shaka inayopaswa kuingizwa katika modeli au kutajwa.

Alama ya desimali nayo huleta mkanganyiko katika ukanda unaochanganya mapokeo ya Kifaransa na ya Kiingereza. Namba 1,250 katika faili lililotayarishwa kwa mpangilio wa Kifaransa ni moja na robo. Katika faili la Nairobi au Kampala ni elfu moja mia mbili na hamsini. Zote mbili ni namba halali mbele ya programu.

Tarehe zina mtego wake pia. DHS huhesabu miezi tangu mwanzo wa mwaka 1900, lakini katika tafiti za Ethiopia hesabu hiyo hufuata kalenda ya Ethiopia, na hulazimu kuongeza miezi 92 ili ilingane na kalenda ya Gregori. Umri wa mtoto hautaharibika kwa kusahau hatua hiyo, kwa kuwa tarehe zote mbili ziko katika kalenda moja. Lakini kuoanisha kuzaliwa na mvua ya mwezi husika kutakosea kwa miaka saba na miezi minane.

Mwisho kuna tofauti za programu zenyewe. BUGS na JAGS huelezea mtawanyiko wa mgawanyo wa kawaida kwa kinyume cha variansi, ilhali Stan hutumia mkengeuko sanifu. Makadirio ya utafiti yenye kosa sanifu la 0.05 yanapaswa kuingizwa katika JAGS kwa thamani 400, yaani 1 kugawanya kwa 0.05 mara 0.05. Ikiingizwa 0.05 yenyewe, JAGS itauchukulia utafiti huo kuwa na mkengeuko wa karibu 4.5, na utafiti mzuri utapuuzwa bila onyo. Vilevile, WinBUGS husoma jedwali mstari kwa mstari, wakati R hulihifadhi safu wima kwa safu wima. Jedwali lililohamishwa bila kugeuzwa litakuwa na ukubwa sahihi na namba sahihi katika nafasi zisizo zake.

5.0 Kwa Nini Vipimo vya Ukokotozi Havitoshi

Watafiti wengi huridhika wanapoona kuwa minyororo ya ukokotozi imekutana. Kipimo kinachotumika sana ni kile cha Gelman na Rubin cha mwaka 1992, kiandikwacho kwa herufi R yenye kofia. Zamani thamani chini ya 1.1 ilionekana kutosha; mapendekezo ya karibuni hutaka iwe chini ya 1.01. Kipimo hicho hujibu swali moja: je, minyororo iliyoanzia mahali tofauti imefika mahali pamoja? Hakijibu kama mahali hapo ni pa kweli. Katika mfano wa wilaya ya watoto 40, minyororo ingekutana haraka kwa data sahihi na kwa data zenye kosa.

Uazimanaji wa taarifa, ambao ni nguvu ya modeli za ngazi, nao huweza kufunika kosa. Wilaya iliyoharibiwa na misimbo huvutwa kuelekea wastani wa wilaya nyingine, na makadirio yake hupoteza ule ukali ambao ungemshtua msomaji. Wakati huohuo wilaya jirani huvutwa kuelekea kosa. Ndiyo maana jedwali la matokeo ya mwisho ni mahali pabaya pa kutafutia makosa ya data. Lazima yatafutwe kabla modeli haijayalainisha.

6.0 Mpangilio wa Ukaguzi

Hatua ya kwanza ni kukagua orodha ileile inayopelekwa kwenye programu, si faili la asili. Makosa mengi huzaliwa katikati, wakati wa kuunganisha, kupanga upya na kugeuza aina za vigeu. Kwa kila kigeu itazamwe thamani ndogo kabisa, kubwa kabisa, idadi ya mapengo, na thamani tano zinazojirudia zaidi. Misimbo kama 995 au 9998 hujitokeza hapo mara moja.

Hatua ya pili ni kuandika maarifa ya somo kama mipaka. Stan ikielezwa kwamba hemoglobini haiwezi kuzidi 250 katika kipimo hicho, msimbo 995 hugeuka kutoka kosa la kimya na kuwa kosa linaloisimamisha programu. Katika JAGS kazi hiyo ifanywe kwa amri za ukaguzi kabla ya ukokotozi.

Hatua ya tatu ni kuunganisha mafaili kwa misimbo rasmi badala ya majina, na kuhesabu mistari iliyokosa mwenzake pande zote mbili. Idadi hiyo iandikwe hata ikiwa sifuri. Maeneo machache yachaguliwe na kufuatwa kwa mkono kutoka faili la kwanza hadi la mwisho.

Hatua ya nne ni kutengeneza data za kuiga kwa kutumia parameta zinazojulikana, kuzipitisha katika njia ileile, na kuona kama modeli inazirudisha parameta hizo. Hapa ndipo mkanganyiko wa variansi au jedwali lililogeuzwa hugundulika.

Hatua ya tano hufanyika baada ya ukokotozi: kulinganisha data halisi na zile ambazo modeli ingezitabiri, eneo kwa eneo na si kwa nchi nzima tu. Ukokotozi ukikwama, mtafiti aanze na sehemu ndogo ya data na modeli nyepesi, kisha aongeze nusu kwa nusu hadi mstari wenye kosa ujulikane. Kila uamuzi wa kufuta, kugeuza au kujaza uandikwe pamoja na sababu yake.

7.0 Maswali ya Mshauri wa Sera

Mshauri wa sera hahitaji kusoma msimbo wa programu ili kulinda uamuzi wake. Anaweza kuuliza: ni watu wangapi waliotarajiwa kupimwa katika kila eneo, wangapi walipimwa, na wasiopimwa wamehesabiwaje? Mipaka ya mwaka gani imetumika, na maeneo yaliyogawanywa yameshughulikiwaje? Makadirio ya eneo yanatofautianaje na asilimia ghafi ya data za eneo hilo? Mistari mingapi imefutwa, na ilitoka wapi? Ripoti iliyofanyiwa ukaguzi huwa na majibu ya maswali haya tayari. Isiyokuwa nayo haistahili kukataliwa papo hapo, lakini haifai kuwa msingi wa kuiondoa wilaya katika mpango wa huduma.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba ujumbe wa kosa kutoka kwa programu ni msaada, na kwamba kazi kubwa ya mtafiti ni kuyafanya makosa ya kimya yajitangaze: kwa mipaka, kwa hesabu za muunganiko, kwa data za kuiga na kwa ulinganisho wa kila eneo. Imeonyeshwa pia kwamba upana mdogo wa shaka si uthibitisho wa ubora wa data, kwa kuwa kosa moja huweza kubadilisha jibu na kuongeza uhakika kwa wakati mmoja. Inapendekezwa kwamba taasisi zinazopokea makadirio ya Bayes kwa ajili ya mipango zidai taarifa fupi ya ukaguzi wa data iambatane na kila ripoti, na kwamba vyuo vya ukanda huu vifundishe ukaguzi huo kama sehemu ya modeli yenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua; katika takwimu za umma, anayeumbuliwa kwanza ni mtoto ambaye hakupimwa na akaandikwa mzima.